Matanga yakianuliwa, mfiwa hubaki na nani?

WAHENGA walinena kwamba kifo cha wengi harusi. Maana ya methali hiyo huonekana katika mitaa ya miji ya Tanzania kila turubai linapofungwa uani, mikeka ikatandikwa, akina mama wakaketi ndani na mfiwa, nao wanaume wakabaki nje wakipanga taratibu za mazishi. Mzigo ambao ungemwelemea mtu mmoja hubebwa na umma.

Hata hivyo, turubai hilo hufunguliwa. Baada ya siku chache viti hurudishwa vilikokodiwa, ndugu waliotoka mikoani hupanda mabasi na majirani hurejea katika shughuli zao. Kwa wafiwa wengi, hapo ndipo uchungu hasa huanza, kwa kuwa pilikapilika za msiba ziliwazuia kuuona ukubwa wa pengo lililoachwa.

Huzuni ya kufiwa haiishii moyoni. Mfiwa hukosa usingizi, hupoteza hamu ya kula, husahau mambo madogo na huhisi kifua kizito. Mwaka 1969, watafiti wa Uingereza wakiongozwa na daktari wa magonjwa ya akili, Colin Murray Parkes, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume 4,486 wenye umri wa miaka 55 na zaidi waliofiwa na wake zao. Katika miezi 6 ya kwanza, vifo vyao vilizidi kwa asilimia 40 idadi iliyotarajiwa kwa wanaume walio katika ndoa wa umri huo huo. Vingi kati ya vifo vilivyoongezeka vilitokana na maradhi ya moyo.

Aidha, kufiwa hugusa imani. Mtu aliyezoea kusali huweza kujikuta akimuuliza Mungu maswali ambayo hakuthubutu kuyauliza awali. Ndiyo maana tiba ya majonzi inayoshughulikia mwili pekee, au sala pekee, huacha sehemu nyingine ya mfiwa bila kuhudumiwa.

Wengi wamepata kusikia kwamba huzuni hupita katika hatua tano: kukana, kukasirika, kujadiliana, kuzama katika simanzi na hatimaye kukubali. Nadharia hiyo ilitokana na kitabu cha mwaka 1969 cha Elisabeth Kübler-Ross, daktari mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Chicago, Marekani. Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba mahojiano yake yalikuwa na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe. Kumtaka mfiwa azipite hatua hizo kwa mpangilio, kana kwamba anapanda ngazi, ni kumtwisha mzigo wa pili.

Maelezo yanayokaribia zaidi maisha ya kila siku yalitolewa mwaka 1999 na Margaret Stroebe na Henk Schut, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi. Kwa mujibu wao, mfiwa mwenye kupona huenda na kurudi baina ya pande mbili. Upande mmoja humlilia marehemu, hutazama picha zake na kumkumbuka. Upande wa pili hushughulikia maisha yaliyobaki: ada za watoto, kodi ya nyumba, kazi ambazo marehemu alikuwa akizifanya. Anayelia asubuhi na kucheka jioni si mnafiki, bali ndivyo nafsi inavyojipa pumziko.

Mila za Afrika Mashariki zililijua hilo kabla ya kuandikwa vitabuni. Katika misiba ya makabila mengi ya Tanzania, watani hufika wakiwa na vituko vyao: huigiza mwendo wa marehemu, hudai fedha kabla ya kuruhusu shughuli iendelee, na huwachekesha watu ambao dakika chache zilizopita walikuwa wakilia. Mgeni asiyejua utani huweza kuona ni utovu wa adabu. Kumbe kicheko hicho humpa mfiwa ruhusa ya kupumua.

Dini nazo zimeweka ratiba. Katika Uislamu, maombolezo ya kawaida ni siku 3, lakini mjane hukaa eda ya miezi 4 na siku 10, na akiwa mjamzito eda hukoma anapojifungua. Familia nyingi, za Waislamu na za Wakristo, hukutana tena siku ya arobaini kwa kisomo au ibada. Zaidi ya thamani yake ya kiroho, ratiba hiyo humrudisha mfiwa mbele ya macho ya jamaa zake baada ya wiki kadhaa, wakati ambao huenda simu za pole zimekwisha kukatika.

Maisha ya mjini yameubana muda huo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka likizo ya malipo ya angalau siku 4 kwa mfanyakazi aliyefiwa na mtoto, mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa. Kwa anayesafiri kwenda kuzika mkoani, sehemu kubwa ya siku hizo huishia barabarani. Hurudi kazini akiwa amezika, lakini hajaomboleza.

Je, ni wakati gani huzuni hugeuka ugonjwa? Shirika la Afya Duniani liliutambua ugonjwa wa majonzi ya muda mrefu katika mwongozo wake wa magonjwa ulioanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni kumtamani marehemu bila kukoma na uchungu mkali unaodumu kwa angalau miezi 6 na kumzuia mtu kuendesha maisha yake. Mwongozo huo unasisitiza kwamba hali hiyo lazima ivuke kiasi kinachotarajiwa katika utamaduni na dini ya mhusika. Kwa hiyo, mjane aliye katika eda si mgonjwa kwa sababu tu amejitenga na shughuli za nje.

Mfiwa anayesema hana sababu ya kuishi, anayezama katika pombe, au aliyeacha kabisa kula na kujitunza, hapaswi kusubiri miezi 6. Huyo apelekwe hospitali mapema, na familia isione aibu kwa hilo, maana kumwona daktari hakupunguzi imani ya mtu.

Kwa jamaa na majirani, msaada mkubwa hauhitaji elimu ya saikolojia. Kumtembelea mfiwa wiki ya sita, kumpeleka mtoto wake shule, kulitaja jina la marehemu bila woga na kumwacha mwenye uchungu aseme bila kumkatiza kwa maneno ya “jikaze” ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wa kila mtu. Ubani hutolewa siku ya msiba, lakini mfiwa huendelea kumhitaji mtu wa kuketi naye muda mrefu baada ya mikeka kukunjwa.