Miaka 500 Isiyo ya Kalenda

Majuzi niliwauliza wanafunzi wangu swali ambalo, kwa kweli, si la isimu. Iwapo tetemeko la "miaka 500" liliupiga mji mwaka jana, jingine litarajiwe lini? Karibu wote walijibu: baada ya miaka 499. Nilitabasamu, kisha nikakumbuka kwamba hata mimi niliwahi kuamini hivyo.

Kosa hilo si la hesabu, ni la maana. Wahandisi wanapotaja miaka 500 hawasomi kalenda. Wanakusudia kwamba kila mwaka, bila kujali yaliyotokea mwaka uliotangulia, upo uwezekano wa moja kati ya 500 kuwa ardhi itatikisika kupita kiwango kilichotumiwa kusanifu majengo. Katika miaka 50, muda ambao aghalabu jengo hukadiriwa kutumika, uwezekano huo hukaribia moja kati ya kumi. Kanuni ya ujenzi, basi, si kiapo cha ardhi kwamba haitavuka mpaka. Ni makubaliano ya wanadamu kuhusu hatari watakayoivumilia.

Tazama Christchurch, New Zealand. Septemba 2010 eneo hilo lilikumbwa na tetemeko la kipimo cha 7.1, na mji ukanusurika. Mtu angedhani deni limelipwa. Tarehe 22 Februari 2011 likaja dogo zaidi, la 6.2, ila hili lilichipuka karibu mno na mji, tena si mbali chini ya ardhi, katika ufa ambao haukuwa umetambuliwa. Katikati ya mji mtikisiko ulizidi kile kiwango cha miaka 500. Watu 185 walifariki, 115 kati yao katika jengo moja, la CTV. (Tume iliyochunguza ilibaini kuwa jengo hilo lilisanifiwa kwa kasoro, mengi mengine yaliharibika vibaya lakini hayakuporomoka.) Baadaye kigezo cha hatari cha mji huo kilipandishwa kutoka 0.22 hadi 0.3.

Nasi tuna Subukia, 6 Januari 1928, kipimo cha 6.9, ingawa ni nadra kulisikia likitajwa madarasani.

Nilipendekeza tuseme "moja kati ya kumi katika miaka hamsini", hata kama ni maneno marefu. Ndipo msichana mmoja wa mwaka wa pili akauliza: "Mwalimu, hayo makubaliano, nani alikubali kwa niaba yetu?" Kengele ikalia kabla sijamjibu.