Je, Wajua? Elektroni za Shaba Hazishtuki kwa Joto

Je, wajua kwamba ndani ya waya wa shaba ambao haujaunganishwa na umeme wowote, elektroni zenye nishati kubwa zaidi hukimbia kilomita 1,500 hivi kwa sekunde? Ugandishe waya huo utakavyo, kasi hiyo haipungui.

Mwaka 1900 Mjerumani Paul Drude alizichukulia elektroni huru za metali kama chembe za gesi. Kwa kanuni za zamani za Maxwell na Boltzmann, kila elektroni ilistahili fungu lake la joto, hivyo kupasha moli moja ya shaba kwa nyuzi 1 kungehitaji jouli 37 hivi. Ukipima unapata 24.5 tu, kana kwamba elektroni hazimo kabisa.

Cha kuchekesha, Drude huyohuyo alikaribia sana uwiano wa upitishaji joto na umeme ambao Wiedemann na Franz waliugundua 1853. Joto la elektroni alilikuza kama mara mia, mraba wa kasi yake akaudunisha kama mara mia, makosa yakafutana! Bahati ya aina hiyo ni adimu.

Mwaka 1925 Wolfgang Pauli alitangaza kwamba elektroni mbili haziwezi kuwa katika hali moja ileile. Mwaka uliofuata Enrico Fermi na Paul Dirac, kila mmoja kivyake, wakatunga takwimu mpya za jinsi elektroni zinavyogawana hali hizo. (Mke wa Fermi alisimulia kwamba mumewe aliwaza hayo akiwa amelala kwenye nyasi, akivizia mijusi.) Metali ikawa kama jengo la ghorofa: vyumba vya chini vimejaa, mpangaji mmoja kila kimoja, na wenye pa kuhamia ni wa juu kabisa tu, wale wakimbiaji wetu wa mwanzo. Joto la kawaida husogeza chini ya elektroni 1 kati ya 100. Ili kanuni za zamani zifae, shaba ingehitaji nyuzi zaidi ya 80,000, nayo huchemka kabla hata ya 3,000.

Takwimu hizo zilianzia angani: 1926 Ralph Fowler alizitumia kueleza nyota vibete vyeupe. Arnold Sommerfeld, mwalimu wa Pauli, akazileta kwenye metali 1927. Yeye alipendekezwa Nobeli mara 84 na hakuipata kamwe, jambo ambalo bado linakera.

Fungu la joto la elektroni lipo, ila dogo. Katika shaba, huanza kulishinda lile la mitikisiko ya atomi chini ya kelvini 4 hivi, karibu na baridi ya heliamu kimiminika.