Miaka 20 kazini, mshahara wa mwezi mmoja

Likizo iliyopita baba aliniuliza: "Wewe si unasoma uchumi? Hela ikianza kuporomoka, mtu achukue kiinua mgongo mapema au asubiri?" Nikajibu kwa kujiamini kabisa: achukue mapema. Kumbe nilikuwa sijasoma habari za Lebanoni.

Kule, mfanyakazi wa sekta binafsi hupewa na mfuko wa hifadhi ya jamii mkupuo wa mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka aliotumikia. Akitimiza miaka 20 anaruhusiwa kuchukua bila kungoja kustaafu. Kinachopigiwa hesabu ni mshahara wa mwisho, na malipo ni kwa lira.

Sasa mfikirie mtu wa miaka 20 kazini, mshahara lira 2,000,000. Haki yake ni 40,000,000. Tangu 1997 dola moja ilishikiliwa kwenye lira 1,507.5, kwa hiyo hizo zilikuwa kama dola 26,500. Mwishoni mwa 2019 mabenki yakaanza kubana akiba za wateja, Machi 2020 serikali ikashindwa kulipa hatifungani zake za dola, na kufika 2023 dola ilikuwa karibu lira 89,500. Zile 40,000,000 zikawa dola 447. Kabla ya mgogoro, kima cha chini cha mshahara kilikuwa lira 675,000, yaani dola 448 kwa mwezi. Jamani!

Basi si angekimbilia kuchukua? Aliyewahi mwanzoni kabisa na kupata dola taslimu mkononi alipona. Lakini hela ikipita benki, benki ilikuwa inakutolea kidogo kidogo huku lira inazidi kushuka. Na ukishachukua, ile miaka imefungwa kwa mshahara wa zamani. Aliyebaki, mshahara ukipanda, miaka yake yote inapigiwa hesabu upya. Mwaka 2024 kima cha chini kilikuwa lira 18,000,000. Zidisha kwa 20: kama dola 4,000. Si 26,500, ila si 447 pia.

Hapo ndipo mwajiri anapoingia. Mchango aliokuwa akilipa, asilimia 8.5 ya mshahara wa zamani, hautoshi tena, na tofauti ni juu yake. Ndiyo maana wengi wamelipa nyongeza ya dola pembeni, huku karatasi za mfuko zikionyesha lira chache. Unakula vizuri leo, mafao yanabaki yaleyale. (Dada zetu wanaofanya kazi za ndani kule hata hayo hawana, sheria ya kazi ya 1946 imewaacha nje.)

Wiki jana nikampigia baba tena. Safari hii sikumpa jibu, nilimuuliza tu: mwajiri wako anaandika mshahara gani kwenye michango, wote au nusu?

Akanyamaza kidogo. "Ngoja nikaulize, mwanangu."