Masomo ya bure: wazazi waliacha kulipa, je, waliacha pia kusema?

Asubuhi, mtoto wa mwaka wa tatu wa shule ya msingi anarudi nyumbani kabla ya saa nne. Hana homa, hakupigana na mtu. Ndani ya daftari lake kuko kikaratasi: mzazi alete franga kidogo "za kusaidia mwalimu". Mama anauliza: si walisema masomo ni bure? Baba anajibu: toa tu, mutoto asome. Na mambo inaishia pale. Mkaaji wa Bunia, Butembo, Uvira ao Kindu hana lazima ya kuelezwa jambo hili. Limemfikia yeye mwenyewe, ao limemfikia jirani yake.

Kile hakielezwi sana ni kwa nini kikaratasi kile kinaendelea kutoka, na nani anaweza kukisimamisha bila kumharibia mtoto mwaka wake wa masomo.

Tuanze na sheria, kwa sababu watu wengi wanaikosea. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za umma. Shika maneno mawili: "msingi" na "umma". Msingi ni kuanzia mwaka wa kwanza mpaka wa sita. Kwa mwaka wa saba na wa nane, na sekondari yote inayofuata, wazazi wangali wanalipa, lakini hata kule diregteri hapashwi kujitungia bei. Kila mwaka wa shule, gavana wa jimbo anatia sahihi arete inayosema makuta gani inaruhusiwa. Mzazi ana haki ya kuomba kuiona.

Neno "umma" ndilo linachanganya zaidi. Shule ya Wakatoliki, ya Waprotestanti, ya Wakimbangu ao ya Waislamu, ikiwa iko ndani ya mapatano na serikali, ni shule ya umma. Mapatano yale ni ya mwaka 1977, kisha serikali ya Mobutu kunyanganya makanisa shule zao mwaka 1974 na kuona haiwezi kuziongoza peke yake. Tangu hapo kanisa linasimamia, serikali inalipa walimu. Kwa hiyo kama unaambiwa "hapa ni kwa mapadri, mambo ya bure haituhusu", si kweli. Wale haiwahusu ni shule za watu binafsi.

Namna gani mzazi aligeuka kuwa mlipaji wa mwalimu

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Zaïre ilikuwa imefilisika. Mshahara wa mwalimu haukununua tena hata gunia la unga, na migomo ikafunga shule muda mrefu. Wazazi pamoja na makanisa, hasa maaskofu wa Kikatoliki, wakapatana: kila mzazi atoe kitu ili mwalimu abaki darasani. Wakaiita prime. Ilipaswa kuwa ya muda tu. Ikakaa karibu miaka thelathini.

Wale walisoma wakati ule wanakumbuka: jina linasomwa mbele ya darasa, "fulani, toka inje", na unabeba mfuko wako. Watoto wengi waliacha masomo hivyo, wasichana wa kwanza, maana nyumba yenye makuta ya mtoto mmoja ilichagua mvulana. Tena makuta ile haikubaki yote kwa mwalimu. Sehemu yake ilipanda ngazi, ofisi kwa ofisi, upande wa serikali na upande wa makanisa. Kwa maoni yetu hiyo ni sababu moja kubwa iliyofanya wakubwa wasiharakishe kuiondoa.

Lakini kuko jambo moja ambalo hatupendi kusema. Prime ilikuwa inampa mzazi sauti. Anayelipa anauliza. Kwenye mkutano wa wazazi watu walijaa, kwa sababu kulikuwa bei ya kujadili. Raisi wa komite ya wazazi, ile COPA, alikuwa mtu wa kuogopwa na diregteri.

Kutoka mwaka wa shule 2010-2011 serikali ilijaribu kuleta masomo ya bure polepole, madarasa ya chini kwanza, na haikuenda mbali. Mwezi wa tisa 2019 ndipo ilitangazwa kwa shule zote za msingi za umma inchini. Mwezi wa sita 2020 Banki ya Dunia ikakubali dola milioni 800 za kusaidia kazi hiyo. Watoto walimiminika. Serikali yenyewe inasema zaidi ya milioni nne waliingia ao walirudi shuleni. Kuko bibi na babu katika majimbo yetu waliopeleka wajukuu wanne kwa siku moja, na hilo ni jambo la kushukuru, hata kama wajukuu wenyewe waliketi chini ya sakafu.

Shimo ambalo halionekani toka Kinshasa

Kwa nini sasa kikaratasi kinarudi? Mara nyingine ni wizi tu. Mara nyingi zaidi ni hivi: shule ina walimu kumi, lakini kwenye orodha ya malipo ya serikali kuko sita. Wanne waliobaki ni wale wanaitwa NU ao NP. Wako kazini, pengine wana hata matrikili, lakini mshahara haujaanza kuja. Wamengoja mwaka, miaka miwili, wengine zaidi. Idara inayoshika orodha ile, SECOPE ya zamani ambayo leo inaitwa DINACOPE, ndiyo inapashwa kuwaingiza. Zamani walimu hao walikula kwa prime. Prime ilipoondolewa, walibaki bila kitu, na watoto mbele yao wakaongezeka.

Hata wale wanaolipwa hawako raha. Mwezi wa tisa 2024, masomo yalipofunguliwa, walimu wengi wa shule za umma walikataa kuingia darasani. Dai lao moja lilikuwa mshahara wa dola 500. Na hapa kwetu mashariki kuko vita. Mwalimu wa kijiji ambako benki haiko alizoea kungojea makuta ipite kwa Caritas, ao kutembea siku nzima ili akaichukue. Tangu Goma na Bukavu kuingia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025, na benki kufungwa, kulipwa kumekuwa shida hata mjini.

Sasa mzazi afanye nini? Akikataa kutoa, mwalimu asiyelipwa ataenda kuendesha moto ao kuchimba dhahabu, na mtoto atakaa bila mwalimu. Akitoa kimya-kimya, shule inatembea. Na kwa kuwa inatembea, Kinshasa inaona hakuna shida. Kwenye karatasi, shule ina wanafunzi, ina matokeo ya mtihani wa mwisho wa msingi, basi ni nzima. Franga za mama muuza ndizi zinafunika deni la serikali, na hakuna ofisi yoyote inayoandika kwamba zilitoka.

Sisi hatutamhukumu mama yule. Angalia tu kwamba kosa kubwa katika habari hii ni ule ukimya. Wazazi walipoacha kulipa wazi-wazi, wengi waliacha pia kuja mkutano. Komite nyingi leo ni majina matatu kwenye karatasi, na raisi wake ni rafiki wa diregteri. Mwenye kulipa sasa ni serikali, kwa hiyo sauti nayo inapashwa kufuata makuta kule imeenda: kwenye sudivizioni ya elimu, kwa Proved, na kwa wabunge wetu.

Kusema kunafanyikaje

Hapa tunataka kuwa wa kazi, si wa kelele. Barua inayosema "elimu inakufa Kongo" haijibiwi na mtu. Barua inayosema "shule yetu ina walimu kumi, wanne hawalipwi, majina yao na tarehe walioanza kazi ni haya, darasa la kwanza lina watoto 94 na madawati 15", hiyo inasumbua. Ofisa aliyeipokea anajua siku moja ataulizwa.

Kuhesabu si siri. Kila shule ya umma ina komite ya usimamizi, COGES, ambamo diregteri anaketi pamoja na wajumbe wa walimu na wa wazazi. Serikali inapotuma makuta ya uendeshaji wa shule, chaki, karatasi, matengenezo, ni pale inapashwa kuonyeshwa: ngapi imeingia, ngapi imetoka. Mjumbe wa wazazi anaweza kuomba ibandikwe ukutani. Diregteri mwema atafurahi, kwa sababu mara nyingi anashukiwa bure: makuta yenyewe imechelewa ao haijafika kabisa, na wazazi wanafikiri ameikula.

Ukiandika, peleka kopi mbili na uombe muhuri wa mapokezi juu ya ile unabaki nayo. Hapo ndipo barua nyingi zinakufa: zinaachwa mezani, kisha wanasema hatujaona kitu. Kopi nyingine iende kwa msimamizi wa shule za kanisa lile, na nyingine kwa shirika la raia la pale mwenu. Shule tatu ao ine za mtaa mmoja zikiandika pamoja, ni vizuri zaidi, maana diregteri mmoja peke yake anaweza kuhamishwa kwa sababu ya "kuchongea".

Na kama wazazi wameamua kumsaidia mwalimu asiyelipwa? Inatokea, na mara nyingine ndiyo njia pekee ya kuokoa muhula. Basi iamuliwe mkutanoni, si kwa kikaratasi. Iandikwe: nani anasaidiwa, mpaka lini, ngapi. Mtoto wa nyumba isiyo na kitu asifukuzwe hata siku moja. Huo si mchango tena, ni prime imerudi kwa mlango wa nyuma. Halafu karatasi ile ya mkutano iambatanishwe na barua ya sudivizioni, ili ijulikane kwamba mshahara huu wazazi wanaukopesha serikali.

Walimu pia wana cha kufanya. Kuko wale wanaficha kwamba hawalipwi, kwa haya ao kwa kuogopa kupoteza nafasi. Mwalimu akificha, komite haiwezi kuhesabu.

Mkutano mkubwa wa wazazi unaitishwa kwa kawaida mwanzoni mwa mwaka wa shule, na ni humo komite inachaguliwa. Kama kwenu haujaitishwa, wazazi wachache wanatosha kwenda kwa diregteri na kumuomba tarehe. Kazi ya kwanza ya mkutano huo iwe kusoma majina ya walimu wote, mmoja mmoja, na kuuliza: huyu analipwa?