Uvaaji wa barakoa wakati wa pandemia

Uvaaji wa barakoa wakati wa pandemia ni desturi au agizo linalowataka watu wote, na si wahudumu wa afya peke yao, wafunike pua na mdomo wanapokuwa mbele za watu, ili kupunguza uenezi wa ugonjwa unaoambukizwa kwa njia ya hewa. Jambo hilo lilijadiliwa sana duniani kote kuanzia mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoenea, lakini swali lenyewe lina umri wa zaidi ya miaka mia moja.

Kwa kawaida watu huuliza kama barakoa inafaa au haifai. Ndani ya swali hilo mna maswali matatu: kama barakoa inamkinga anayeivaa, kama inawakinga walio karibu naye, na kama kuwaagiza watu waivae kunapunguza ugonjwa katika jamii nzima. Majibu yake hayalingani, wala hayana uhakika wa kiwango kimoja. Sehemu kubwa ya ugomvi juu ya barakoa imetokana na kujibu swali moja kwa ushahidi wa swali lingine.

Jina

Neno "barakoa" lina asili ya Kiarabu. Katika pwani ya Afrika Mashariki, hasa Unguja, lilikuwa jina la vazi la kufunika uso lililovaliwa na wanawake wa familia zenye asili ya Omani. Vazi la namna hiyo bado huvaliwa na baadhi ya wanawake wa Omani na nchi nyingine za Ghuba. Matumizi ya neno hilo kwa kifaa cha kiafya yalienea sana mwaka 2020 kupitia redio, magazeti na matangazo ya wizara za afya. Nchini Kenya watu wengi husema pia "maski".

Jinsi barakoa inavyofanya kazi

Mtu anapopumua, kuongea, kuimba, kukohoa au kupiga chafya, hutoa vitone vya majimaji vya ukubwa mbalimbali. Vile vikubwa huanguka chini upesi, aghalabu ndani ya mita moja au mbili. Vile vidogo sana, viitwavyo erosoli, huweza kuelea kwa muda mrefu katika chumba kisichopitisha hewa.

Kirusi cha UVIKO-19 kina kipenyo cha takriban mikromita 0.1, kidogo kuliko matundu ya kitambaa cha kawaida. Kwa sababu hiyo wengine walidai kwamba kinapita kwenye barakoa kama mbu apitavyo kwenye wavu wa goli. Hoja hiyo inaacha mambo mawili. Kwanza, kirusi hakisafiri kikiwa peke yake, bali kimo ndani ya vitone vilivyo vikubwa kuliko chenyewe. Pili, kichujio hakifanyi kazi kama chekeche la unga. Chembe ndogo hazifuati njia iliyonyooka. Huyumbayumba, hugonga nyuzi na kunasa. Katika barakoa bora nyuzi zimetiwa pia chaji ya umeme tuli inayozivuta chembe.

Udhaifu mkubwa zaidi uko pembeni. Hewa hufuata njia iliyo nyepesi, hivyo barakoa isiyokaa vizuri usoni huiacha ipite kando ya pua na mashavu bila kuchujwa. Barakoa iliyoshushwa kidevuni, au iliyofunika mdomo na kuiacha pua wazi, hupoteza sehemu kubwa ya faida yake.

Aina

* Barakoa ya kitambaa hushonwa nyumbani, kwa fundi cherehani au kiwandani, na huweza kufuliwa na kutumiwa tena. Uwezo wake hutegemea aina ya kitambaa na idadi ya tabaka. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri iwe na tabaka tatu.
* Barakoa ya upasuaji hutengenezwa kwa polipropilini na kutupwa baada ya kutumika. Ilibuniwa hasa kuzuia mate ya daktari yasianguke kwenye kidonda cha mgonjwa. Huchuja vizuri kuliko vitambaa vingi, lakini haibani usoni.
* Barakoa ya kiwango cha N95 hubana usoni na kuchuja angalau asilimia 95 ya chembe za takriban mikromita 0.3, ambazo ni miongoni mwa zilizo ngumu zaidi kunasa. Viwango vinavyokaribiana nayo ni FFP2 cha Ulaya na KN95 cha China. Ni ghali zaidi, na kuivaa kwa saa nyingi kunachosha.

Historia

Mwaka 1897 daktari mpasuaji Jan Mikulicz-Radecki, aliyefanya kazi katika mji wa Breslau (leo Wrocław, Poland), alianza kuvaa barakoa ya shashi wakati wa upasuaji. Mwenzake Carl Flügge alikuwa ameonyesha kwamba vitone vya mate hubeba bakteria. Wakati huo barakoa ilikuwa kifaa cha chumba cha upasuaji tu.

Hatua kubwa ilifuata huko Manchuria, kaskazini mashariki mwa China, katika majira ya baridi ya 1910 na 1911. Tauni ya mapafu iliua watu wapatao 60,000, na karibu kila aliyeipata alikufa. Daktari Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang aliyesomea Cambridge, alitumwa mjini Harbin. Alieleza kwamba ugonjwa ule ulipita kwa pumzi kutoka mtu hadi mtu, na haukutegemea panya na viroboto kama tauni ya kawaida. Akaagiza wahudumu na watu waliokuwa karibu na wagonjwa wavae barakoa ya shashi na pamba. Daktari Mfaransa Gérald Mesny, aliyekuwa na uzoefu mkubwa kuliko yeye, hakukubali maelezo hayo. Aliwahudumia wagonjwa bila barakoa, akaambukizwa na kufa baada ya siku chache. Hata hivyo, barakoa haikuwa hatua pekee: wagonjwa walitengwa, safari za reli zilidhibitiwa na maiti zilichomwa.

Wakati wa homa ya mafua ya 1918 miji kadhaa ya Marekani iliamuru watu wote wavae barakoa. San Francisco ilitoa amri hiyo Oktoba 1918, ikaiondoa Novemba, kisha ikairudisha Januari 1919 wagonjwa walipoongezeka tena. Wapo waliotozwa faini au kufungwa kwa kuikiuka. Wapinzani waliunda umoja wa kupinga barakoa, wakitaja uhuru wa mtu binafsi na upungufu wa ushahidi. Hoja hizohizo zilisikika tena baada ya miaka mia moja.

Katika nchi za Asia ya Mashariki barakoa ilizoeleka mapema zaidi. Baada ya mlipuko wa SARS mwaka 2003, wakazi wengi wa Hong Kong na Taiwan waliiona kuwa jambo la adabu kwa mtu mwenye mafua.

Ushauri uliobadilika mwaka 2020

Shirika la Afya Duniani lilitangaza UVIKO-19 kuwa pandemia tarehe 11 Machi 2020. Wakati huo shirika hilo na serikali nyingi za nchi za Magharibi hazikushauri watu wenye afya wavae barakoa. Zilitoa sababu mbili kwa pamoja: ushahidi wa faida kwa umma ulikuwa mdogo, na barakoa zilikuwa adimu. Mwanzoni mwa Machi shirika hilo lilikadiria kwamba barakoa za kitabibu milioni 89 zilihitajika kila mwezi duniani, huku wahudumu wa afya wakizikosa. Kuchanganya sababu hizo kulileta utata, kwa kuwa wananchi wengi waliuliza: ikiwa barakoa haifai, kwa nini wahudumu wanaihitaji?

Kilichobadilisha ushauri ni ujuzi kwamba mtu huweza kuambukiza wengine kabla ya kujisikia mgonjwa. Ikiwa mgonjwa hajijui, kuwaambia wagonjwa peke yao wavae barakoa hakutoshi. Tarehe 3 Aprili 2020 mamlaka ya afya ya Marekani ilishauri wananchi wavae barakoa za kitambaa. Tarehe 5 Juni Shirika la Afya Duniani lilishauri serikali ziwahimize watu kuvaa barakoa pale ugonjwa unapoenea na nafasi kati ya mtu na mtu haipatikani. Kwa wenye miaka 60 na zaidi, na wenye maradhi mengine, lilipendekeza barakoa za kitabibu.

Afrika Mashariki

Nchi za Afrika Mashariki zilifuata njia tofauti. Kenya ilipata mgonjwa wa kwanza Machi 2020, na mwezi Aprili iliifanya barakoa kuwa lazima hadharani. Aliyekiuka aliweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 20,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au kupewa adhabu zote mbili. Kwa mchuuzi au kibarua, faini hiyo ilizidi mapato ya siku nyingi. Viwanda vya ndani viligeukia kazi hiyo, kikiwemo kiwanda cha nguo cha Kaunti ya Kitui. Amri hiyo iliondolewa Machi 2022.

Rwanda nayo iliagiza uvaaji wa barakoa Aprili 2020. Uganda ilitangaza agizo kama hilo mwezi Mei, pamoja na mpango wa kugawa barakoa za kitambaa bure.

Nchini Tanzania serikali iliacha kutoa takwimu za wagonjwa mwishoni mwa Aprili 2020, na barakoa haikupewa uzito uleule. Februari 2021 Rais John Magufuli alisema kwamba hakukataza barakoa, akashauri zitumike zilizotengenezwa nchini. Baada ya Samia Suluhu Hassan kushika urais Machi 2021, kamati ya wataalamu iliundwa, na viongozi walianza kuonekana wamevaa barakoa kwenye mikutano.

Utafiti

Vipimo vya maabara vinaonyesha wazi kwamba barakoa hupunguza vitone vinavyotoka na vinavyoingia, na kwamba N95 huishinda barakoa ya upasuaji, ambayo nayo kwa kawaida hukishinda kitambaa. Ugumu huanza pale watu wanapochunguzwa katika maisha yao ya kila siku.

Nchini Denmark, Aprili na Mei 2020, watu wapatao 6,000 waligawanywa kwa nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa barakoa za upasuaji na kushauriwa kuzivaa nje ya nyumba. Katika kundi hilo asilimia 1.8 waliambukizwa, na katika kundi lingine asilimia 2.1. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi cha kuweza kuwa bahati tu. Jaribio hilo lilipima kinga ya mvaaji peke yake, wakati ambapo watu wengi waliomzunguka hawakuvaa. Kwa hiyo halikujibu swali la pili wala la tatu.

Jaribio kubwa zaidi lilifanyika katika vijiji 600 vya Bangladesh, kuanzia Novemba 2020. Vijiji vingine vilipewa barakoa bure na kuhimizwa, vingine havikupewa. Uvaaji ulipanda kutoka asilimia 13 hadi 42. Wagonjwa wenye dalili ambao maambukizi yao yalithibitishwa kwa kipimo cha damu walipungua kwa takriban asilimia 9. Pale zilipogawiwa barakoa za upasuaji, upungufu ulikuwa asilimia 11, na kwa wenye miaka zaidi ya 60 ulifika asilimia 35. Kwa barakoa za kitambaa ushahidi haukuwa wazi. Ikumbukwe kwamba zaidi ya nusu ya watu wa vijiji vilivyohimizwa bado hawakuvaa.

Januari 2023 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulitoa mapitio ya majaribio 78 kuhusu njia za kuzuia maradhi ya kupumua, barakoa zikiwa mojawapo. Yalisema kwamba kuhimiza uvaaji wa barakoa huenda kusilete tofauti kubwa, huku uhakika ukiwa mdogo. Magazeti na wanasiasa kadhaa waliyatafsiri kuwa uthibitisho kwamba barakoa hazifai. Mhariri mkuu wa Cochrane, Karla Soares-Weiser, alitoa taarifa kwamba tafsiri hiyo si sahihi: mapitio yalichunguza juhudi za kuhimiza uvaaji, na matokeo yake hayakutosha kuamua. Kukosekana kwa uthibitisho wa faida si sawa na kuthibitishwa kwamba faida haipo.

Hoja za kupinga na madhara

Si hoja zote za kupinga barakoa zilizo dhaifu. Viziwi na watu wasiosikia vizuri hutegemea kuona midomo na uso wa msemaji, na barakoa huwaondolea njia hiyo ya mawasiliano. Watoto wadogo hawawezi kuivaa ipasavyo. Shirika la Afya Duniani lilishauri wasilazimishwe walio chini ya miaka 5. Barakoa za kutupwa zimeongeza taka za plastiki. Familia yenye watu wengi na kipato kidogo huweza kulazimika kuchagua kati ya barakoa na mahitaji mengine, na barakoa moja iliyochafuka ikavaliwa kwa wiki nzima.

Kwa upande mwingine, dai kwamba barakoa humnyima mvaaji oksijeni halikuthibitishwa kwa watu wenye afya. Chembe za oksijeni na kabonidioksidi ni ndogo mno kuliko vitone na hupita bila shida.

Lazima au hiari

Hata pale inapokubaliwa kwamba barakoa inapunguza maambukizi, bado kuna swali ambalo maabara haiwezi kulijibu: nani alazimishwe, wapi, na kwa adhabu gani. Wanaotetea amri husema kwamba faida ya barakoa huenda kwa wengine zaidi kuliko kwa mvaaji, hivyo haiwezi kuachwa kwa hiari ya mtu kama chakula chake mwenyewe. Wanaoipinga husema kwamba serikali inayotoa adhabu inapaswa kuwa na uhakika mkubwa kuliko inayotoa ushauri, na kwamba mzigo wa adhabu huwaangukia maskini.

Wengi hukubaliana juu ya jambo la kati. Barakoa ina maana zaidi ndani ya daladala, matatu, zahanati na vyumba vilivyojaa watu kuliko shambani au ufukweni. Ina maana zaidi ugonjwa unapopamba moto kuliko unapopungua. Na haichukui nafasi ya hewa safi, kunawa mikono, chanjo na mgonjwa kubaki nyumbani. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 si tena dharura ya kimataifa. Amri nyingi za barakoa zilikuwa zimekwisha kuondolewa, lakini katika hospitali nyingi barakoa zimeendelea kutumika.