Injini ikalie wapi?

Birongo haina bahari, lakini ina maneno ya bahari. Dereva wa matatu hushika usukani, na timu ya shule huongozwa na nahodha. Neno la kwanza lina asili ya Kiarabu, la pili ya Kiajemi, na yote mawili yalianza chomboni.

Kuyaona maneno ya aina hii yakiwa kazini, twende Matondoni, kisiwani Lamu. Kwa desturi, mwenye kuagiza mashua hutaja urefu na kazi yake. Fundi, bila mchoro, hulaza mkuku, husimamisha mataruma, hupigilia mbao, kisha hutia kalafati za pamba kwenye maungio. Akitaka kutiliwa injini kuukuu ya dizeli, mambo hubadilika. Umbo hilo lilikusudiwa tanga, na mtikisiko hulegeza kalafati. Sharti injini ikalie magogo yaliyoshika mataruma kadhaa, ndipo kishindo kitawanyike.

Walimu wenzangu, mimi wa isimu nasikitika kuona msamiati huu ukikaririshwa kama orodha. (Chombo kinachovuja hakijali alama za mtihani.) Mwanafunzi aulizwe kwanza: kwa nini injini isikalie mbao tupu? Akijibu, neno “taruma” atalihitaji mwenyewe.