Mama wa Viazi Karai na Jina la Kukodisha

Tulipopita Gilgil, wasomaji wetu watukufu, baridi ya Bonde la Ufa ilitusukuma kibandani kwa mama mmoja wa asili ya Lamu. Huuza viazi karai, bajia na mahamri yenye hiliki, na ukwaju wake hauna tofauti na wa kwetu pwani. Alikuwa na shauri la kutuuliza. Kijana mmoja anataka kukodi jina la kibanda pamoja na mapishi yake, afungue vibanda vya jina hilohilo Naivasha na Nakuru, naye mama alipwe ada. Je, lina heri?

Biashara ya namna hii si ngeni nchini. Maduka ya kuku na chipsi ya Kenchic Inn yalienea hivyo: mwenye duka ni mtu mwingine, jina na kuku ni vya kampuni. KFC ya Marekani nayo iliingia Kenya mwaka 2011. Mwanzoni mwa 2022 migahawa yake iliishiwa na chipsi, kwani viazi viliagizwa ng'ambo na meli zikachelewa. Masharti ya ubora hayakuwaruhusu kununua kwa mkulima wa hapa, na Nyandarua yenye viazi tele iko jirani tu na Gilgil! Basi mwenye jina na apime lipi la kushurutisha na lipi la kuachia.

Kwa mama huyu, viazi na vinunuliwe popote vilipo vizuri. Mafuta ndiyo yaliyotutia hofu. Mpishi wa Nakuru akikaanga bajia katika karai iliyotoka kukaanga soseji za nguruwe, Muislamu atakula kwa kuliamini jina la mama, na mama yuko Gilgil hana habari.

Tukauliza mkataba uko wapi. Akatujibu, "Sheikh, ni kijana wetu, twaaminiana." Moyo ulitushtuka. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kushuhudisha. Wala haikuwabagua wanaoaminiana tangu mwanzo. Ada hii ni fungu la mauzo au kiasi maalumu hata siku ya hasara? Ni ya miaka mingapi? Wakikosana, jina litabaki kwa nani? Kisheria alama ya biashara husajiliwa katika ofisi ya KIPI, Nairobi, kwa miaka 10, kisha huhuishwa. Akitangulia kijana kuisajili kwa jina lake, mama atajikuta mgeni katika kibanda chake mwenyewe.

Aliepua viazi, akamwita bintiye alete daftari la shule. Tukaandika: jina lisajiliwe kwanza, na kwa mama, ada iwe fungu la mauzo, jikoni pasiingie kisicho halali, na mama aruhusiwe kukagua bila kubisha hodi, mashahidi wawepo.

Kijana amesomewa masharti hayo. Ameomba wiki mbili ayafikirie.